Michael Wood, muganga wa pua na nyuso aliyewafuata wagonjwa kwa ndege

Siku hizi katika simu za vijana wa Kasongo, Kindu ao Bukavu kunapita matangazo ya kunyanyua pua bila kupasuliwa. Muganga anaingiza nyuzi chini ya ngozi kwa sindano, na mutu anarudi nyumbani siku ile ile. Watu wengi wanafikiri kazi ya kutengeneza pua ni ya matajiri na ya urembo tu. Lakini katika Afrika ya Mashariki kazi hiyo ilianza kujulikana kwa watoto walioungua na moto, watu walioumwa na fisi, na wagonjwa wa ukoma ambao pua zao zilikuwa zimezama. Mutu mumoja aliyeibeba kazi hiyo kwa mabega yake ni Michael Wood.

Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1918. Alisomea uganga London, kwenye Hospitali ya Middlesex. Kifua chake hakikuwa na nguvu: pumu ilikuwa inamusumbua, na baridi ya Uingereza haikumusaidia. Mwaka wa 1943 alimuoa Susan Buxton, na hapo njo historia yake inagusa Kongo. Susan alizaliwa Kongo mwaka wa 1918, mutoto wa wamisionere. Babu yake, Charles Studd, alizikwa Ibambi, upande wa Uele, mwaka wa 1931. Wakati Michael alikuwa anatafuta inchi yenye hewa nzuri kwa mapafu yake, bibi yake alikuwa tayari mutoto wa Afrika. Kiisha vita ya pili ya dunia, wakahamia Kenya.

Nairobi alifanya kazi ya kupasula magonjwa ya kila namna. Lakini kuko wagonjwa waliomushinda. Mutoto aliyeanguka katika moto wa jikoni, ngozi ya kidevu ikashikana na kifua. Mwanamuke aliyeanguka motoni juu ya kifafa. Mutu aliyelala inje, fisi akamukata pua na shavu. Watoto waliozaliwa na mudomo uliopasuka. Watu hao walipona vidonda, lakini hawakurudi kati ya watu. Walijifunika kitambaa, hawakuenda soko, hawakuolewa. Wood aliona kama kufunga kidonda peke yake haitoshi.

Akarudi Uingereza kujifunza, muji wa East Grinstead, kwa Archibald McIndoe. Huyo alikuwa bingwa mukubwa, muzaliwa wa New Zealand, aliyetengeneza nyuso za warubani walioungua ndani ya ndege wakati wa vita. Warubani hao waliunda chama chao mwaka wa 1941, na mwishoni wanachama walifika 649. McIndoe aliwaogesha katika maji ya chumvi, akaacha dawa zilizokuwa zinakausha ngozi na kuivuta. Tena aliwatuma waende mujini kunywa na kucheza, wakiwa bado na nyuso nusu. Wakaaji wa muji waliombwa wasiwakodolee macho. Aliwafundisha waganga kama uso ukipona na mutu akabaki amejificha, kazi bado haijaisha.

Namna ya kutengeneza pua wakati ule haikuwa ya siku moja. Hauwezi kukata ngozi kubwa na kuibandika tu, juu bila damu inakufa. Muganga alikata ngozi ya tumbo ao ya kifua, akaikunja sawa bomba, akaacha pande zote mbili zimeshikwa kwenye mwili ili damu ipite. Wiki kazaa zikipita, aliachanisha upande mumoja na kuushonea kwenye mukono. Damu ya mukono ikishaingia, aliachanisha upande wa pili, na mukono ukabeba ngozi mpaka kwenye uso. Mugonjwa alikaa wiki nyingi na mukono umefungwa kwenye kichwa, ao na bomba la ngozi linaning'inia sawa mukonga wa tembo. Kuko pia njia ya kale sana iliyotoka India: ngozi ya paji la uso inateremushwa kufanya pua, inaachwa karibu wiki tatu, kiisha shina lake linakatwa. Njia hiyo inatumiwa mpaka leo.

Wood alirudi Kenya na ufundi huo. Katika Afrika yote ya Mashariki hakukuwa na muganga mwengine wa kazi hiyo. Inchi ilikuwa kubwa, mikono miwili tu. Mugonjwa wa Turkana ao wa pembeni ya ziwa angefanya siku nyingi njiani, na angehitaji kurudi mara tatu ao ine. Wengi hawakurudi. Mutu anayekaa Kabambare, anayejua barabara ya kwenda Kasongo wakati wa mvua, haombi kuelezewa jambo hilo.

Jibu lake lilikuwa la kushangaza: alijifunza kurusha ndege, akiwa mutu muzima tayari, baba wa watoto. McIndoe alikuwa na shamba kwenye miteremuko ya Kilimanjaro. Huko walikutana watatu: McIndoe, Wood na Tom Rees, muganga wa nyuso kutoka New York. Mwaka wa 1957 wakaanzisha kazi ya waganga wa kuruka, ile iliyokuja kujulikana kwa jina la AMREF. McIndoe alikufa mwaka wa 1960. Rees alikuwa na kazi yake Marekani, hata kama aliendelea kuja kusaidia. Muzigo wa kila siku ukabaki kwa Wood.

Ndege ndogo ilitua kwenye majani, karibu na hospitali za misioni. Muganga alipasula muchana kutwa, akafundisha wauguzi namna ya kuangalia kidonda, na kesho yake akaruka kwenda fasi ingine. Lakini ndege bila habari ni kipofu. Kwa hiyo hospitali zilipewa redio za kuitana na Nairobi, kwenye uwanja wa Wilson. Muuguzi aliyekuwa peke yake porini aliweza kuuliza ni dawa gani atoe, mugonjwa gani angojee na mugonjwa gani achukuliwe mbio. Mara nyingi sauti ya redio ilitosha, ndege haikuhitajika.

Miaka ikipita, Wood mwenyewe aliona mupaka wa ndege. Mutoto mumoja anachukuliwa, lakini mia wanabaki na surua, na njaa, na moto ule ule wa chini usio na kizuizi. Kuanzia miaka ya 1970 AMREF iliweka nguvu zaidi katika kufundisha wahudumu wa vijiji na kuandika vitabu vyepesi vya uganga. Inashangaza kwamba wakati ule ule, mwaka wa 1971, Kasongo ilianza kazi ya namna hiyo pamoja na chuo cha Antwerp cha magonjwa ya inchi za joto: vituo vya afya karibu na watu, na hospitali moja ya kupokea wale walioshinda vituo. Katika miaka ya 1980 inchi nzima iligawanywa katika zoni za afya, na Kasongo ilikuwa kati ya fasi zilizoonyesha njia.

Mwaka wa 1985 Wood aliacha uongozi wa AMREF. Hakupumuzika: mwaka ule ule alisaidia kuanzisha FARM-Africa, shirika la kusaidia wakulima na wafugaji, kwani aliona kama njaa inaharibu kazi ya muganga. Alikufa mwaka wa 1987. Mama Susan aliishi miaka mingi kiisha yeye. Ni yeye aliyeanzisha Nairobi karakana ya shanga za udongo, Kazuri, iliyowapa kazi mama wengi wanaolea watoto peke yao.

Maisha yake yanaacha fundisho kwa yule anayefikiria nyuzi za pua leo. Nyuzi hizo zinayeyuka mwilini, mara nyingi katika miezi sita hivi, na umbo linalobaki halidumu sana kupita mwaka moja ao zaidi kidogo. Siku za kwanza pua inavimba, inauma ikiguswa, na inaweza kuwa na alama ya bluu. Inafaa kulala chali na kichwa juu, kutosugua pua, kutovaa miwani yenye uzito, kutopenga kwa nguvu. Uvimbe wa kawaida unapungua kila siku. Lakini usaha, homa, uzi unaotokeza inje, maumivu yanayozidi, ao ngozi inayokuwa nyeupe ama nyeusi ni alama za hatari. Hapo ni kwenda hospitali mbio, bila kungojea kesho. Mutu asiye na masomo ya uganga, anayefanya kazi hiyo katika chumba cha kusuka nywele, hana namna ya kusaidia damu ikisimama ndani ya ngozi.

Na kwa yule ambaye pua yake iliharibiwa na moto, ajali ya pikipiki, risasi ao noma, ule ugonjwa unaokula uso wa watoto wenye njaa, nyuzi si dawa. Huyo anahitaji muganga wa kupasula, na subira. Kituo cha afya kinaweza kumuandikia barua ya kumutuma hospitali kubwa. Mutoto mwenye fizi zinazonuka na shavu linalovimba apelekwe siku ile ile: noma ikikamatwa mapema, dawa ya kawaida na chakula vinaweza kuokoa uso wote.