Benedicto Kiwanuka: Askari Aliyekuwa Jaji Mkuu

Hayati Benedicto Kiwanuka, mzaliwa wa Masaka, alivaa sare kabla ya kuvaa joho, jambo ambalo askari wetu wachache hulikumbuka. Alitumikia jeshi la Mwingereza tangu 1942 hadi 1946, kisha akasomea sheria London.

Chama chake cha DP kilishinda uchaguzi wa 1961, naye akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda mwezi Machi 1962. Mwezi uliofuata mambo yalimgeukia. UPC ya Milton Obote ilipata viti 37, DP 24. Na 21 vya Buganda, vilivyojazwa na Lukiiko wala si kwa kura za wananchi, vikaiendea Kabaka Yekka. Katika viti hivyo 82 hapakuwa na chama chenye wingi wa kuunda serikali peke yake. UPC na Kabaka Yekka, wasiopatana kwa mengi, wakaungana. Kiwanuka, ambaye hata kiti cha Bunge hakukipata, akakabidhi madaraka kwa amani.

Obote alimweka kizuizini 1969. Idi Amin, ambaye asili ya ukoo wake ni hapa Koboko, alimfungua 1971 na kumteua Jaji Mkuu. Septemba 1972 Kiwanuka aliamuru Mwingereza aliyekamatwa na wanajeshi aachiliwe, akiamua kwamba jeshi halikuwa na mamlaka ya kumkamata. Tarehe 21 ya mwezi huo watu wenye silaha walimtoa Mahakama Kuu mchana kweupe. Maiti yake haikupatikana.