Mtungaji wa Kisiwa Chenye Hazina

Mwalimu wetu alipotuagiza kusoma Kisiwa Chenye Hazina, nilikisoma kwa ajili ya mtihani tu. Nilipokimaliza nilikirudia kwa furaha, kisha nikatafuta habari za mtungaji wake, Robert Louis Stevenson.

Alizaliwa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1850. Baba yake, aliyekuwa mhandisi wa minara ya taa za baharini, alitaka mwanawe aishike kazi hiyo. Stevenson alisoma sheria, lakini moyo wake ulikuwa katika kutunga. Tangu utoto alisumbuliwa na kifua. Mwaka 1881, mvua ilipowafungia nyumbani, alichora ramani ya kisiwa pamoja na mtoto wa mkewe. Ramani ile ikazaa hadithi, nayo ikatoka kitabu mwaka 1883.

Mwaka 1890 alikwenda kukaa Samoa kwa ajili ya afya yake. Wenyeji walimwita Tusitala, yaani mtunga hadithi. Aliwasaidia machifu waliofungwa gerezani. Walipofunguliwa wakamtengenezea barabara ya kwenda nyumbani kwake. Alifariki Desemba 1894, akiwa na umri wa miaka 44, akazikwa juu ya mlima Vaea.

Wanafunzi wenzangu, mwili wake ulikuwa dhaifu, lakini kalamu yake haikulala. Someni kitabu chake hata pasipo mtihani.