Ibn al-Bawwaab: Mtoto wa Bawabu na Khati ya Msahafu



Tunausoma Msahafu kila siku, na ni nadra kujiuliza nani walioipa khati ya naskhi sura hii tuliyoizoea. Si mtu mmoja. Lakini miongoni mwa waliotangulia yumo Abul-Hasan Ali bin Hilaal wa Baghdaad, maarufu kwa jina la Ibn al-Bawwaab, Allaah Amrehemu.

Bawwaab ndiye bawabu wetu huyu huyu, mlinzi wa mlango. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya baba yake, na mtoto alianza kwa kunakshi nyumba kwa rangi, kisha vitabu, ndipo akaingia katika khati. Alihifadhi Qur-aan, na akitoa mawaidha katika msikiti wa al-Mansuur, Baghdaad.

Kabla yake alikuwepo Ibn Muqla, waziri aliyefariki mwaka 328 Hijria (940), aliyeziwekea herufi vipimo. Kalamu ya tete ikigusa karatasi huacha nukta ya pembe nne. Kwa nukta hizo hupimwa alifu, na kwa alifu hupimwa herufi nyengine. Ibn al-Bawwaab hakumdiriki. Alisoma kwa Muhammad bin Asad, aliyekuwa katika njia ya Ibn Muqla, kwani khati haichukuliwi kitabuni peke yake: mwanafunzi huandika mbele ya mwalimu, hurudishwa, akaandika tena herufi ile ile mpaka mkono uzoee.

Mkono wake ulizoea kiasi gani? Yaaquut al-Hamawi ameihifadhi habari hii. Ibn al-Bawwaab alikuwa msimamizi wa maktaba ya mtawala Bahaa ad-Dawla huko Shiraz. Akakuta humo juzuu za Msahafu kwa khati ya Ibn Muqla, zimetawanyika baina ya vitabu. Alizikusanya zikawa 29, moja haikuonekana. Mtawala akataka ikamilishwe, na wakaahidiana: akishindwa kuitambua juzuu mpya, atampa mwandishi dinari 100 na joho. Ibn al-Bawwaab akatafuta karatasi kongwe mle maktabani, akaandika, akatia dhahabu na kuichakaza, akaivisha jalada lililobanduliwa juzuu nyengine. Mtawala alizipekua zote asiijue. Wakakubaliana iwe siri yao.

Jee, huu si ughushi? Kuiandika hatuoni tatizo, kwani mwenye mali ndiye aliyeagiza na alijua. Ile siri ndiyo isiyotupendeza. Atakayekuja baada yao ataichukua kuwa ni kazi ya Ibn Muqla, na lau ingeuzwa hivyo ingekuwa udanganyifu mtupu. Lakini tumtendee haki: kisa kimepokewa kwa kauli yake mwenyewe, naye ndiye aliyeifichua siri.

Joho na dinari hakuzipata, mtawala alichelewesha. Basi akaomba badala yake karatasi tupu zilizokuwamo maktabani, zikiwemo za Kichina, akapewa, na akaziandikia kwa miaka. Mwenye kuijua kazi hii hatashangaa kwamba aliona karatasi njema kuwa ni malipo.

Hakubakia kuwa kivuli cha Ibn Muqla. Alizisafisha na kuzilainisha zile khati, na akatunga shairi la kuwafunza wanaoanza kuchagua tete na kutengeneza wino, ambalo Ibn Khalduun amelinukuu katika Muqaddima yake. Namna ya kukata ncha ya kalamu lakini, hiyo aliificha. Msahafu wake wa mwaka 391 Hijria upo hadi leo Dublin, katika maktaba ya Chester Beatty. Ni mdogo, umeandikwa kwa naskhi, na mwishoni ametia jina lake.

Alifariki Baghdaad mwaka 413 Hijria (1022) kwa kauli iliyo mashuhuri, akazikwa karibu na Imaam Ahmad bin Hanbal. Katika uhai wake khati yake haikuwa na thamani kubwa kama ilivyokuja kuwa baadaye. Kuna barua yake ya mistari kama 70, aliyomwandikia mtu kumuombea mwenzake jambo lisilofika dinari mbili. Baada ya kufa kwake barua hiyo iliuzwa dinari 17, kisha ikauzwa tena kwa 25.