Nyerere na siku Libya ilipoishambulia Mwanza

Machi 29, 1979, ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilitumwa Mwanza kulipua ghala la mafuta. Ilikosa. Kilichopigwa ni kisiwa cha Saanane, bustani ya wanyama iliyo jirani kabisa na mji. Swala kadhaa walikufa na mfanyakazi mmoja akaumia kidogo.

Nyuma ya siku hiyo kulikuwa na uamuzi mgumu wa mtoto wa Kanda ya Ziwa: Mwalimu Julius Kambarage Nyerere.

Kutoka Butiama

Alizaliwa Aprili 13, 1922, Butiama, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Alianza shule akiwa na miaka 12 pale Mwisenge, Musoma. Akapita Tabora, Makerere na Edinburgh, kisha akarudi kufundisha. Mwaka 1954 aliongoza kuanzishwa kwa TANU, na mwaka 1961 nchi ikapata uhuru.

Januari 1964 askari waliasi. Nyerere alilazimika kuomba msaada wa Waingereza, jambo lililomuuma sana. Jeshi lile likavunjwa, na Septemba mwaka huo huo ikazaliwa JWTZ. Silaha zake nyingi zilitoka China na Urusi.

Anga la Kagera

Oktoba 1978 ndege za Idi Amin zilianza kupiga Bukoba, na mwisho wa mwezi majeshi yake yakavamia Kagera. Novemba 2 Nyerere alitangaza vita.

Kinga moja ya JWTZ dhidi ya ndege ilikuwa kombora la SA-7, ambalo askari hulibeba begani. Linafuata joto la injini ya ndege. Kwa ndege inayoruka chini ni hatari kweli, lakini halifiki hata kilomita 3 kwenda juu.

Shida nyingine ni kwamba kombora hilo halijui ndege ni ya nani. Anayejua ni askari aliyelibeba, na ana sekunde chache tu za kuamua. Mwanzoni mwa vita hiyo, eneo la Musoma, askari wa JWTZ walizidhania ndege za Tanzania kuwa za adui, wakazitungua. Marubani waliokuja kuilinda kanda wakafa kwa silaha za wenzao.

Gaddafi atoa saa 24

Mwishoni mwa Machi 1979 JWTZ ilikuwa inaikaribia Kampala. Muammar Gaddafi, aliyekuwa akimsaidia Amin, akatoa saa 24: Tanzania irudi nyuma, la sivyo Libya inaingia vitani rasmi.

Hapo ishu ilikuwa nzito. Libya ilikuwa na pesa za mafuta na ndege zinazoruka kasi kuliko sauti. Dhidi ya Tu-22 inayopita juu na kwa kasi, SA-7 haina la kufanya. Mwanza, mji wenye watu wengi, ilikuwa ndani ya uwezo wa ndege hizo. Hata mitambo kama Patriot, iliyokuja kuvuma kwa kurushwa dhidi ya makombora ya Scud kwenye vita ya Ghuba mwaka 1991, dunia ilikuwa bado haijaiona vitani.

Nyerere alijibu kupitia redio kwamba kuingia kwa Libya hakubadilishi chochote kuhusu Amin. Jeshi likaendelea mbele.

Ndipo Tu-22 ikaja. Kilichoiokoa Mwanza siku ile ni shabaha mbovu ya adui. Tanzania ikajibu kwa ndege zake kupiga maghala ya mafuta ndani ya Uganda. Aprili 11 Kampala ikaanguka.

Bili ya ushindi

Gharama ya vita inakadiriwa kufika dola milioni 500 za Marekani. Nyerere aliwataka wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, lakini miezi hiyo ikageuka miaka. Foleni za sukari, sabuni na mafuta zikawa kawaida, Mwanza ikiwemo.

Alitoka Ikulu mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Alifariki London Oktoba 14, 1999, kwa saratani ya damu, akazikwa kijijini kwake.

Saanane leo ni Hifadhi ya Taifa, na watalii wanavuka kwa boti kwenda kuona swala. Wengi wao hawajui kwamba mabomu yaliyoangukia pale yalikuwa yametumwa mjini.