Thomas Edison: mtoto asiyetulia aliyejitengenezea kazi yake

Kila tunapozungumzia malezi kwenye kipindi, swali moja hurudi: mtoto asiyetulia, anayeanza mambo matano bila kumaliza hata moja, atakuwa mtu gani akikua? Wapo watoto ambao ni watundu tu. Wengine wana hali ambayo wataalamu huiita ADHD: ubongo hupata shida kutuliza mawazo na mwili, ingawa akili ipo. Leo tumtazame Thomas Edison.

Alizaliwa tarehe 11 Februari 1847 katika mji wa Milan, jimbo la Ohio, Marekani, mtoto wa mwisho kati ya saba. Shuleni alikaa miezi michache tu. Mwalimu alimwona kama mtoto mwenye akili iliyovurugika. Mama yake, Nancy, ambaye aliwahi kuwa mwalimu, alimtoa akamfundisha nyumbani.

Akiwa na miaka 12 alianza kuuza magazeti na peremende kwenye treni ya Port Huron hadi Detroit. Humo humo kwenye behewa la mizigo alichapisha gazeti lake na kufanya majaribio ya kemikali, mpaka siku moja moto ukawaka. Mwaka 1862 alimwokoa mtoto wa mkuu wa stesheni asigongwe na behewa. Kwa shukrani, baba wa mtoto akamfundisha telegrafu, yaani kutuma ujumbe kwa nyaya.

Lakini kazi za kuajiriwa hazikudumu. Akiwa Kanada, alitakiwa kutuma ishara kila saa usiku kuonyesha kwamba yuko macho. Akaunda kifaa cha kuituma huku yeye amelala. Mwaka 1867 huko Louisville alimwaga asidi akifanya majaribio yake kazini, ikapenya sakafu hadi ofisi ya bosi chini. Akafukuzwa.

Mambo yalibadilika alipojenga karakana yake Menlo Park, New Jersey, mwaka 1876. Hapo alikesha alipotaka, akalala kidogo juu ya meza, akaruka kutoka kazi moja hadi nyingine. Hata hivyo hakuwa peke yake. Charles Batchelor alikuwa na mikono mitulivu ya kazi ndogondogo. Francis Upton alipiga hesabu. John Kruesi, fundi mitambo, ndiye aliyeunda mwaka 1877 mashine ya kunasa sauti na kuirudisha, kutokana na mchoro wa Edison. Sisi watu wa redio tunamdai shukrani huyo fundi pia.

Mwaka 1879 walipata balbu ya umeme iliyoweza kuwaka saa nyingi, na mwaka 1882 wakafungua kituo cha umeme mtaa wa Pearl, New York. Edison alifariki tarehe 18 Oktoba 1931, na kwa jumla alipewa hataza 1,093 za Marekani.

Kuthubutu huko kulimgharimu pia. Miaka ya 1890 alizamisha fedha nyingi katika kuchakata mawe ya chuma. Chuma cha bei nafuu kikapatikana Minnesota, mradi ukafa. Ujuzi wa mitambo ile akauhamishia kwenye saruji.

Je, Edison alikuwa na ADHD? Wapo wanaodhani hivyo, lakini marehemu hapimwi. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba watu wenye dalili hizo huvutiwa zaidi na kuanzisha biashara, kwa sababu huthubutu na huzama kabisa katika wanachokipenda. Tafiti pia zinaonyesha kwamba hupata shida zaidi shuleni, kazini na kwenye fedha.

Kwa hiyo tusimpe mtoto jina la mjinga, wala tusijifariji kwamba atajirekebisha mwenyewe. Akisumbuka nyumbani na shuleni kwa muda mrefu, mpelekeni kituo cha afya. Kijana wa namna hii akitaka kufungua duka au karakana, mtafutieni mwenzake wa kutunza daftari la hesabu na kumalizia kazi. Hata Edison alimhitaji Batchelor.