Kapiolani na Mlima wa Moto

Katikati ya bahari kubwa ya Pasifiki viko visiwa viitwavyo Hawaii. Kisiwa kilicho kikubwa kuliko vyote kina jina hilo hilo la Hawaii, na juu yake imesimama milima miwili inayopita yote ya visiwa vile kwa urefu. Wa kwanza ni Mauna Kea, maana yake mlima mweupe, kwa sababu wakati wa baridi kilele chake hufunikwa na theluji. Urefu wake ni futi 13,803 toka usawa wa bahari. Wa pili ni Mauna Loa, maana yake mlima mrefu, nao una futi 13,679. Lakini hizo ni sehemu zinazoonekana tu. Mashina ya milima hiyo yamo chini kabisa baharini, na mtu akiupima Mauna Kea tangu shina lake mpaka kilele, atapata zaidi ya futi 33,000. Milima hiyo yote ilijengwa na moto wa chini ya ardhi, uliotoa mawe yaliyoyeyuka kama uji, yakamwagika na kuganda, tabaka juu ya tabaka, kwa muda wa miaka mingi isiyohesabika.

Chini ya ubavu wa Mauna Loa, upande wa kusini mashariki, uko mlima mwingine uitwao Kilauea. Huo ni mfupi, maana hauzidi sana futi 4,000. Walakini zamani watu waliuogopa kuliko ile mirefu. Juu yake pana shimo kubwa mno lenye kuta zilizosimama wima, na ndani ya shimo hilo moto ulikuwa ukichemka na kuruka, na usiku mwanga wake uliyafanya mawingu kuwa mekundu. Wenyeji waliamini kwamba shimo lile ni nyumba ya mungu wa kike aitwaye Pele, na kwamba akikasirishwa hutoka na kuteketeza mashamba na vijiji. Kwa hiyo hakuna aliyethubutu kupita pale bila kumpa heshima. Hata matunda madogo mekundu yaitwayo ohelo, yanayoota kando ya shimo, msafiri hakuyala mpaka kwanza amemtupia Pele sehemu yake.

Hofu hiyo haikutoka katika maneno matupu. Katika mwaka 1790 jeshi la mkuu mmoja aitwaye Keoua lilikuwa likipita karibu na Kilauea. Ghafula mlima ukapasuka, ukatoa majivu na mvuke wa moto, na watu wengi wa jeshi lile wakafa papo hapo, pamoja na wake zao na watoto wao. Tangu siku ile jina la Pele liliogopwa zaidi.

Katika kisiwa hicho alizaliwa Kapiolani, yapata mwaka 1781. Baba yake, Keawemauhili, alikuwa mkuu wa nchi ya Hilo, lakini aliuawa vitani binti yake akiwa bado mtoto. Kapiolani alilelewa kama walivyolelewa watoto wa wakuu. Alikuwa na watumishi wengi, na watu wa chini walimstahi. Lakini ukuu wake haukumwokoa katika sheria za miiko, zilizokuwa nzito juu ya wanawake wote. Mwanamke hakuruhusiwa kula pamoja na wanaume. Nyama ya nguruwe, nazi, na ndizi zilikuwa mwiko kwake, na adhabu ya kuvunja mwiko iliweza kuwa kifo.

Husimuliwa kwamba Kapiolani, alipokuwa msichana, alitamani sana kujua ladha ya ndizi. Alikuwa na mtumishi mdogo wa kiume aliyempenda, naye akamletea ndizi kwa siri, akala. Lakini siri haikukaa. Makuhani walipopata habari, hawakumwua Kapiolani, kwa sababu alikuwa binti wa mkuu. Walimchukua yule mtoto, wakampeleka katika hekalu la Honaunau, wakamwua kuwa sadaka kwa ajili ya kosa lile. Hivyo mwenye nguvu alisamehewa, na mdogo asiyekuwa na mtetezi akalipa kwa uhai wake. Kapiolani hakumsahau mtoto huyo maisha yake yote.

Alipokuwa mtu mzima aliolewa na mkuu mmoja aitwaye Naihe, mtu hodari wa kusema, aliyekuwa msemaji wa mfalme. Wakakaa Kaawaloa, kando ya ghuba ya Kealakekua, mahali pale pale alipouawa nahodha James Cook wa Uingereza katika mwaka 1779. Siku hizo maisha ya Kapiolani hayakuwa ya kusifiwa. Alifuata desturi za wakuu wenzake, akawa na waume zaidi ya mmoja, naye alipenda mno kulewa.

Ndipo mambo ya visiwa yakaanza kugeuka. Katika mwaka 1819 mfalme Kamehameha, aliyeviunganisha visiwa vyote chini ya utawala mmoja, alifariki. Mwanawe Liholiho alipotawala, aliketi mbele ya watu akala pamoja na wanawake, na hiyo ikawa ishara kwamba sheria za miiko zimevunjwa. Mahekalu mengi yalibomolewa na sanamu zikachomwa. Mwaka uliofuata, yaani 1820, merikebu ilileta wamisionari wa kwanza kutoka Marekani. Wamisionari hao waliitia lugha ya wenyeji katika maandishi, na katika mwaka 1822 wakaanza kupiga chapa vitabu vya kusomea.

Kapiolani alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi alipojifunza kusoma. Hakuona haya kushika kitabu kile kile walichoshika watoto. Alisikiliza mafundisho ya Injili kwa bidii, akaliamini neno la Mungu, na tangu hapo mwenendo wake ukabadilika. Aliacha ulevi, akawaacha waume wengine, akabaki na Naihe peke yake. Nyumba yake ikawa nyumba ya utaratibu na usafi, na mgeni aliyefika alikaribishwa vizuri.

Lakini Kapiolani aliona kwamba, ingawa sheria za miiko zilikuwa zimevunjwa, hofu ilikuwa bado mioyoni mwa watu. Sanamu ya mti huweza kuchomwa kwa siku moja, lakini mlima wa moto ulikuwa ungali pale pale, ukiwaka usiku na mchana. Mwanzoni mwa mwaka 1824 wamisionari walifungua kituo huko Hilo, na watu wengi wa upande ule hawakutaka kuwasikiliza, kwa kuwa waliogopa kwamba Pele atawaadhibu. Kapiolani akakata shauri kwenda mwenyewe mpaka Hilo kuwatia moyo walimu wale, na njiani kupita katika shimo la Kilauea.

Habari hiyo iliposikika, watu walishikwa na fadhaa. Rafiki zake walimsihi asiende. Naihe mumewe naye alijaribu kumzuia, maana imani yake ilikuwa bado changa. Kapiolani aliwajibu kwa upole kwamba Mungu ni mmoja tu, naye ndiye aliyeumba mlima na moto wake, kwa hiyo hakuna sababu ya kumwogopa Pele. Katika mwezi wa Desemba 1824 akaondoka Kaawaloa. Mwendo mpaka Hilo ulikuwa maili 100 hivi, na sehemu kubwa alitembea kwa miguu juu ya mawe makali ya moto wa zamani.

Alipokaribia mlima, alikutana na mwanamke aliyedai kuwa nabii wa Pele. Mwanamke huyo alimwonya kwamba akiendelea mbele atakufa. Akatoa kipande cha nguo ya magome ya mti, akasema ni barua iliyotoka kwa Pele, akajifanya anaisoma kwa maneno yasiyofahamika na mtu yeyote. Kapiolani hakumtukana wala hakuamuru apigwe, ingawa alikuwa na uwezo huo. Alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akamwambia kwamba yeye pia ana barua, akafungua vitabu vyake, akamsomea habari za Mungu kwa maneno ambayo kila mtu aliyesimama pale aliweza kuyaelewa. Yule nabii akainamisha kichwa. Alipoambiwa aseme tena, alikiri kwamba mungu wake amemwacha, na kwamba hana neno la kujibu.

Kando ya shimo Kapiolani alikutana na mmisionari Joseph Goodrich, aliyetoka Hilo kwa miguu kuja kumlaki. Goodrich aliijua milima ya kisiwa kile, maana mwaka uliotangulia alikuwa amepanda mpaka kilele cha Mauna Kea. Wakalala karibu na shimo. Asubuhi yake, tarehe 22 Desemba, Kapiolani akasimama ukingoni pamoja na watu wapata 80. Moshi ulikuwa ukipanda, na ngurumo zilisikika toka chini. Kando yao matunda ya ohelo yalikuwa yameiva. Kapiolani akayachuma, akayala, wala hakumtupia Pele hata moja. Watu walimtazama kwa hofu, wakingoja aanguke. Hakuanguka.

Kisha akaanza kuteremka katika njia nyembamba ya ukutani, na wale wenye moyo wakamfuata. Wakashuka futi 500 hivi, mpaka ukingo mweusi wa mawe yaliyoganda, na mbele yao wakauona moto wenyewe ukichemka. Mahali pale, katika joto na harufu ya kiberiti, Kapiolani aliwaambia wenzake kwamba ni Yehova aliyeuwasha moto ule, na kwamba kama yeye akiangamia kwa hasira ya Pele, basi wao na waendelee kumwogopa Pele; lakini kama Mungu akimwokoa, inawapasa kumcha Mungu peke yake. Wakaimba wimbo wa sifa, wakapiga magoti, wakaomba. Baada ya hayo wakapanda tena mpaka juu, wote wakiwa wazima.

Pengine mtu ataona kwamba hilo lilikuwa jambo dogo, kwa kuwa Pele hakuwako. Lakini anayesema hivyo hana budi kukumbuka jeshi la Keoua. Hatari ya mlima ilikuwa hatari ya kweli. Siku hizi wataalamu hueleza kwamba mvuke na mawe yaliyoyeyuka yakibanwa chini ya ardhi hutafuta njia ya kutoka, wala mlima hauangalii nani ametoa sadaka na nani hakutoa. Kapiolani hakuwa na elimu hiyo. Tangu utoto wake alifundishwa kwamba moto ule ni mungu, na alijua kwamba watu wengi walikufa pale. Tena hakumtuma mtumishi ashuke kwanza ili ajaribu. Zamani mtoto mdogo alikufa kwa ajili yake; safari hii alitangulia yeye mwenyewe.

Toka Kilauea aliendelea mpaka Hilo. Alifika amechoka sana kwa safari, lakini kwanza aliwatafutia watu wake mahali pa kulala, kisha ndipo akapumzika. Akakaa huko siku kadha, akiwafundisha watu. Habari ya shimo ilikuwa imekwisha kuenea, na wengi waliokuwa wakijificha kwa hofu wakaja kusikiliza. Si wote walioamini siku ile, lakini kifungo cha hofu kilianza kulegea.

Aliporudi Kaawaloa aliendelea na kazi yake bila kelele. Alisaidia kujenga kanisa na shule, akawatunza walimu na wagonjwa. Katika mwaka 1831 Naihe alifariki, na Kapiolani akabaki mjane, lakini hakuiacha kazi.

Miaka kumi baadaye alionyesha ushujaa wa namna nyingine. Alikuwa na ugonjwa wa saratani katika ziwa, akasafiri mpaka Honolulu kwa daktari Gerrit Judd. Ilionekana kwamba lazima ziwa likatwe, na wakati ule dawa ya kumlaza mgonjwa asisikie maumivu ilikuwa bado haijaanza kutumiwa na madaktari wa kupasua. Kapiolani alikubali. Alikaa kimya mpaka kazi ikaisha, wala hakulia. Kidonda kilianza kupona vema, lakini baadaye akapatwa na ugonjwa mwingine wa ngozi, na tarehe 5 Mei 1841 akafariki.

Mauna Kea na Mauna Loa ingali imesimama, mirefu kuliko milima yote ya visiwa vile, na Kilauea huwaka mara kwa mara mpaka leo. Wenye kupanda vilele vya juu husifiwa, na sifa hiyo ni haki yao. Lakini jina la Kapiolani hukumbukwa kwa kuwa alishuka chini. Alishuka mahali ambapo watu wote waliogopa kushuka, ili wasiokuwa na nguvu wapate kutembea bila hofu.