Jenatzy, Bingwa wa Mbio za Umeme

Pikipiki za umeme zimeingia mitaa ya Eastlands, Nairobi, na pamoja nazo umeingia ubishi. Huko Majengo ya Pumwani niliwasikia vijana, baada ya swala ya alasiri, wakishindana kwa maneno ni ipi itakayotangulia zikiondoka pamoja: ya petroli au ya betri. Wao hudhani jambo hili ni la jana. La hasha! Ubishi huu umepita miaka 120, na aliyeushika bendera ni Camille Jenatzy.

Jenatzy alizaliwa mjini Brussels, Ubelgiji, mwaka 1868, baba yake akiwa mwenye kiwanda cha mipira. Alisomea uhandisi, kisha akahamia Paris kuunda magari ya umeme. Alikuwa na ndevu nyekundu na moyo usiojua woga, hata watu wakambandika lakabu ya Shetani Mwekundu. Lakabu ambayo sisi tusingempa mwana wa mtu.

Wakati ule petroli haikuwa bado bwana wa barabara. Desemba 1898, Mfaransa mmoja wa ukoo mkubwa, Gaston de Chasseloup-Laubat, alikimbiza gari la umeme kilomita 63 kwa saa katika barabara iliyonyooka ya Achères. Januari 1899 Jenatzy akampita, na siku ile ile Mfaransa akamrudi. Wakawa kama malenga wawili, huyu akitunga, yule akijibu. Kufikia Machi Mfaransa alikuwa amepita kilomita 92.

Nami nampendea Jenatzy jambo hili: kila aliposhindwa alirudi karakanani. Akaunda gari lenye umbo la kombora, bodi yake ya madini mepesi, na mota mbili zikizungusha magurudumu ya nyuma bila mnyororo. Akaliita La Jamais Contente, yaani asiyeridhika kamwe. Tarehe 29 Aprili 1899 akapita kilomita 105 kwa saa. Hakuna dereva wa gari la barabarani aliyewahi kuvuka 100 kabla yake.

Kilichouangusha umeme ni betri. Zile za madini ya risasi na asidi zilikuwa nzito kama nanga, na nguvu zake hazikufika mbali. Mwaka 1902 gari la mvuke likaivunja rekodi yake, kisha petroli ikatawala. Jenatzy mwenyewe akahamia huko, na mwaka 1903 akashinda kombe la Gordon Bennett nchini Ireland kwa gari la Mercedes.

Mota haikuwa na dhambi. Mota ya umeme huwa na msukumo wake mkubwa tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, ndiyo maana pikipiki hizi huchomoka kama mshale. Ilikuwa ikingoja betri tu. Betri za lithiamu, zilizoanza kuuzwa mwaka 1991, hubeba umeme mara kadhaa kuliko za risasi kwa uzito ule ule. Leo mwendeshaji wa Nairobi huibadilisha kituoni kwa dakika chache, akaenda zake.

Mwisho wa Jenatzy ulikuwa wa huzuni. Aliyenusurika na mbio zote alikwenda mawindoni na marafiki mwaka 1913, akajificha kichakani akiiga mlio wa mnyama kwa mzaha. Mwenzake akadhani ni mnyama kweli, akafyatua bunduki. Roho ilimtoka akikimbizwa hospitali kwa gari.

Aliyempiga hakujua aliyeko kichakani ni nani. Basi, na mtoto anayevuka njia Kayole au Umoja atajuaje kinachomjia, ilhali pikipiki ya umeme haina mngurumo? Achères ilikuwa barabara iliyonyooka, na wapima saa walikuwapo. Vijana wetu wana haki ya kushindana, na wakubwa wana wajibu wa kuwapa uwanja kabla njia ya watu haijageuzwa uwanja.